Mzee wa Iguhu Hajachanganyikiwa

Mtu mzima akisema mbele za watu kwamba anatafuta kitabu alichokisoma darasa la tatu, kwamba jina limemtoka, mwandishi hamjui, na kilichobaki kichwani ni mchoro wa fisi aliyevaa koti, watu humcheka kwa upole. Wakimhurumia watamwambia aingie intaneti. Wakichoka naye watamwambia kwamba huenda hakukisoma popote, alisimuliwa na nyanya yake jikoni, maana sisi wa Magharibi ya Kenya tumelelewa kwa masimulizi, vitabu vilikuwa vya wengine. Nimeisikia rai hii sokoni Iguhu na kwenye matanga. Nimeisikia kwa walimu waliostaafu, ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuipinga, na huko Nairobi inasemwa na watu wenye shahada kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Naikataa yote: kicheko chake, huruma yake na ushauri wake.

Yupo mzee mmoja wa Iguhu, ambaye jina lake nalihifadhi, anayeshikilia kwamba alipokuwa shule ya misheni kabla ya uhuru, mwalimu aliwasomea kitabu cha Kiswahili kuhusu machimbo ya dhahabu ya kwao Ikolomani. Anakumbuka wazungu watatu waliokuja na ramani iliyochorwa kwa damu juu ya kitambaa. Anakumbuka mmoja wao aliyekuwa na meno ya kutoa na kurudisha, na jinsi watu wenye mikuki walivyoduwaa walipoyaona yakitoweka kinywani na kurudi. Anamkumbuka mtumishi wao, ambaye mwishowe alivua nguo akaonyesha nyoka aliyechorwa kuzunguka kiuno chake, ikajulikana kuwa ndiye mfalme halali wa nchi ile. Na anamkumbuka ajuza mmoja mbaya sana aliyepondwa na mlango wa jiwe ndani ya pango la mali. Kila akisimulia, watoto wake hutazamana. Binti yake, ambaye naye ni mwalimu, humwambia kwa adabu, "Baba, hakuna kitabu cha namna hiyo kuhusu Ikolomani. Umechanganya."

Binti ana haki katika jambo moja tu. Hakuna kitabu cha namna hiyo kuhusu Ikolomani. Lakini kitabu kipo, na anayemjua H. Rider Haggard hahitaji zaidi ya meno yale kukitambua. Ni riwaya yake ya mwaka 1885, King Solomon's Mines. Ramani ya damu imo humo, mtumishi ambaye kumbe ni mfalme yumo, na ajuza aliyebanwa na jiwe yumo. Kwa Kiswahili kiliitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, katika tafsiri ya 1929 inayohusishwa na Frederick Johnson, yule yule aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930. Kilitumika shuleni kote Afrika Mashariki kwa miongo mingi, pamoja na safari za Gulliver na kisiwa chenye hazina. Mzee alishika kila kitu isipokuwa jina na mahali.

Na hapo penye kosa ndipo ninapowaomba wacheshi wanyamaze kidogo. Kwa nini mtoto wa Iguhu, huku Idakho, apeleke hadithi ya kusini mwa Afrika katika vilima vya kwao? Dhahabu ilipatikana kwetu Kakamega mwaka 1931. Kufikia mwaka uliofuata wazungu walikuwa wamefurika na mahema, karai na vibali. Sheria ya ardhi ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba kipande kikichukuliwa katika hifadhi yao watapewa kipande kingine badala yake. Mwaka 1932 sheria hiyo ilibadilishwa upesi ili ardhi yenye dhahabu ichukuliwe na mwenyewe alipwe fedha tu, pasipo shamba lingine. Mgodi wa Rosterman uliendelea kuchimbwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mtoto aliyezaliwa katikati ya mambo hayo, ambaye baba yake alijua ni shamba la nani lililochimbwa mashimo, akisomewa habari za wazungu watatu wanaotafuta mali chini ya ardhi ya watu wenye mikuki, angefikiri ni wapi kama si Ikolomani? Alikisoma kitabu cha Haggard kwa usahihi ambao Haggard mwenyewe hakuukusudia. Mwandishi alitaka msomaji asafiri na wale watatu. Mtoto wa Iguhu akakaa upande wa wenye mikuki na kungoja aone watanyang'anywa nini.

Hayo yote yangepotea kama tungekubali kwamba mzee amechanganya. Tungepoteza jina la kitabu, na zaidi ya hapo tungepoteza habari adimu kuliko jina: kitabu cha kikoloni kilisikika vipi masikioni mwa mtoto wa Kiafrika wakati ule, mahali pale. Hakuna ripoti ya mkaguzi wa shule inayoweza kutuambia hilo. Maswali ya mtihani hayakuuliza. Limebaki katika kichwa cha mzee, nalo linaonekana hasa pale alipokosea.

Wanaosema kumbukumbu haitegemeki wanajua vizuri kwamba hawasemi hivyo kuhusu mambo mengine. Twende Malinya au Khayega siku ya fahali kupigana. Utawakuta wazee wanaotaja fahali aliyepigana kabla wewe hujazaliwa, rangi yake, pembe yake ya kushoto ilivyopinda, alikuwa wa ukoo gani, alimshinda nani na kukimbia mbele ya nani. Hakuna daftari. Mmoja akikosea, mwingine anamrekebisha, wa tatu analeta ushahidi wa harusi iliyofanyika wiki ile, na baada ya nusu saa ya kelele jambo limethibitika kiasi cha mtu kuweza kuweka ng'ombe wake rehani. Hakuna anayewaambia wazee hao kwamba wamechanganya na ngano za jikoni. Huo ndio utaratibu wa kutafuta kitabu: vipande vya watu wengi vinavyobishana mpaka vishikane. Tunauheshimu kwa fahali na kuudharau kwa kitabu, na sababu ya dharau hiyo haimo katika kumbukumbu. Imo katika imani yetu kwamba vitabu havikuwa vyetu.

Lakini vilikuwa vyetu, ila vilitufikia vikiwa vimevuliwa nguo. Mwenye umri wangu aliyesoma shule ya msingi ya umma upande huu anajua tulivyokuwa. Kitabu kimoja, watoto watano, wakati mwingine zaidi, wa katikati akishika na wa pembeni wakisoma kwa kuinamisha shingo. Kikifika kutoka ofisini kipya, mwalimu aliagiza kifunikwe kwa karatasi ya kaki, au gazeti kwa asiye na kaki, na tangu siku hiyo jalada halikuonekana tena. Juu ya kaki iliandikwa namba ya kitabu na jina la shule. Kurasa za mbele, zenye jina la mwandishi na mchapishaji na mwaka, ndizo zilizong'oka kwanza, kwa kuwa ndizo zilizoguswa na kila mkono. Baada ya miaka mitatu kitabu kilianzia ukurasa wa tisa. Mtoto aliyekisoma hakusahau jina lake. Hakupewa.

Na si vitabu vizima tu. Nusu ya tulivyosoma vilikuwa vipande vya ufahamu katika vitabu vya lugha kama Masomo ya Msingi, aya tano za hadithi iliyokatwa mahali pazuri kabisa ili yafuate maswali kumi, bila kuambiwa imekatwa kutoka wapi. Vingine tulisoma sokoni. Vitabu vilivyochakaa viliuzwa kwa kilo, kurasa zikawa za kufungia njugu na mandazi, na wako watu wazima leo wanaomtafuta mhusika waliyekutana naye mara moja tu katika karatasi yenye mafuta, ambaye alikuwa akivuka mto pale karatasi ilipoishia. Ukimwambia mtu huyo kwamba anakumbuka nusu kwa sababu ya uzee au uzembe, unamdhulumu. Anakumbuka yote aliyopata kuyaona. Nusu ile nyingine haikumfikia.

Sasa nije kwa ushauri unaotolewa kwa kujiamini kuliko yote: "Si u-google tu?"

Mashine ya kutafuta hutafuta katika yaliyoandikwa ndani yake. Hadithi fupi iliyochapishwa Nairobi kwa ajili ya darasa la nne, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, haikuwahi kuandikwa humo. Ukiandika "fisi aliyevaa koti" utaletewa makoti. Ukiandika kwa Kiingereza utaletewa vitabu vya watoto wa Marekani, vya miaka ambayo wewe hukuwa na viatu. Ukiigeukia programu ya akili mnemba itakupa jina la kitabu, mwandishi na hata mwaka, kwa sauti ya mtu anayejua, na ukienda kukitafuta utagundua kwamba kitabu hicho hakikupata kuchapishwa na yeyote. Hilo ni baya kuliko kukosa jibu, kwa sababu linaingiza kitabu cha uongo katika orodha ambayo tayari ina mashimo.

Ni kweli yako majina yanayopatikana kwa dakika moja. Aliyesoma visa vya Moses, mvulana mtundu wa shule ya bweni ya Mukibi, atampata Barbara Kimenye mara moja, kwa sababu vitabu vile vilianza 1967 vikaendelea mfululizo, vikiwa na mchapishaji mkubwa, Oxford University Press, na vikachapwa tena na tena. Watu wanatolea mfano huo na kusema: unaona, kitabu kizuri hakipotei. Nasema kitabu chenye mchapishaji aliyebaki hai hakipotei. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948 kutoa vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za eneo hili, ilikwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na kipande chake. Upande wa Kenya ukawa Kenya Literature Bureau. East African Publishing House, iliyoanza 1965 na kumtolea Grace Ogot The Promised Land na Asenath Bole Odaga Jande's Ambition mwaka uliofuata, ilianguka katika miaka ya 1980. Mchapishaji akifa, hakuna wa kuchapa tena, hakuna wa kujibu barua, na maghala huuzwa. Ubora wa hadithi haukuulizwa katika hesabu hizo.

Mtu atasema, basi kuna sheria, kuna maktaba ya taifa. Ipo Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, iliyomtaka mchapishaji apeleke nakala kwa Msajili. Ipo Huduma ya Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1965. Lakini Bibliografia ya Taifa ya Kenya inaanza kuorodhesha vitabu vya mwaka 1980. Aliyejifunza kusoma mwaka 1962, au 1974, yuko nje ya orodha hiyo. Hata aliye ndani yake atakutana na ukuta, kwani orodha hupangwa kwa mwandishi, jina la kitabu na mada, yaani kwa mambo yale yale yaliyong'oka na kurasa za mbele pale Iguhu. Haina mahali pa kuuliza nani alikuwa na meno ya kutoa. Kuna vitabu vyetu ambavyo leo ni rahisi kuvikuta katika maktaba ya chuo cha SOAS, London, kuliko katika kaunti ambayo watoto wake walivichakaza. Naona uchungu kuliandika hilo, wala sioni kwa nini niufiche.

Hoja ambayo watu huipenda zaidi, kwa sababu inasikika kama kujithamini, ni ile kwamba sisi ni watu wa simulizi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ilistahili. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini tazama tunachokilinda na tunachokiacha. Tunalinda kile ambacho mgeni anatarajia kukikuta kwetu. Ngoma, ndiyo. Kitabu cha darasa la tatu chenye alama za vidole vya matope, hapana, kana kwamba mtoto wa Idakho aliyesoma kwa mwanga wa koroboi alikuwa akifanya jambo lisilo la kwao.

Isitoshe, mpaka huo kati ya jikoni na darasa haupo. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London ngano alizosimuliwa Zanzibar, zikiwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Ngano za jinsi hiyo zikaingia katika vitabu vya shule. Visa vya Abunuwasi, ambaye jina lake limetoka kwa mshairi wa Baghdad wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, vilisomwa darasani Afrika Mashariki nzima. Mtoto akarudi nyumbani akamsimulia nyanya yake, kwa Lwidakho, na nyanya akaongeza linani mla watu pale alipoona hadithi imekosa hofu. Wajukuu waliofuata walisikia hadithi ya jikoni. Anayewaambia leo kwamba ile ni ngano ya ukoo tu, wasihangaike kutafuta kitabu, amekata safari ndefu na kuacha kipande cha mwisho. Vilevile anamnyima yule nyanya sifa yake, maana alichokifanya ni uhariri.

Wapo pia wenye hoja kali zaidi, nami nawaheshimu. Wanauliza kwa nini tumfufue Haggard. Ngũgĩ wa Thiong'o alimtaja miongoni mwa waandishi waliotumika kumfundisha Mwafrika kujiona mdogo. Vitabu vile vilikuwa sumu, wanasema, heri vimesahaulika. Ningekubali kama vingekuwa vimesahaulika. Havijasahaulika, vimepoteza majina tu. Mzee wetu amesimulia habari za ajuza mbaya anayelinda siri za mali kwa zaidi ya miaka sitini, kama historia ya kwao, na watoto waliomsikiliza wamebeba picha ya mwanamke mzee wa Kiafrika aliyebuniwa na Mwingereza aliyetaka kutisha wasomaji wake. Unawezaje kujibizana na kitabu usichokijua? Siku mzee alipoambiwa kilitoka wapi alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza: "Kwa hiyo yule mama hakuwa wa huku?" Ukosoaji wa ukoloni ulianza papo hapo, kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, baada ya jina la kitabu kupatikana, wala usingeweza kuanza kabla.

Kwa hiyo sitaki kazi hii iachiwe watu wachache wenye kiu yao. Maktaba ya umma mjini Kakamega ifungue daftari la vitabu visivyo na majina. Atakayebuni maswali yake asianze na jina wala mwandishi. Aulize darasa gani, mwaka gani, shule gani, nani alishika kitabu na nani alisoma kwa sauti. Kulikuwa na mchoro gani na ulikuwa upande gani wa ukurasa. Nani alilia, nani aliadhibiwa. Neno gani halikueleweka. Maneno magumu hayasahauliki, na mara nyingi ndiyo yanayofichua mtafsiri na kipindi. Chuo cha ualimu cha Eregi kiko hapa hapa Ikolomani, na wanafunzi wake hupelekwa mazoezini katika shule za vijiji; wakifunguliwa makabati ya shule zile, chini ya chaki na mipira iliyopasuka, wataona vitabu ambavyo mimi nimevitafuta Nairobi nikavikosa. Wapige picha kurasa zote watakazozikuta, hata kama ni tatu. Wasisahau vile vidogo vya lugha ya mama, vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, vilivyotolewa kwa lugha nyingi za Kenya na ambavyo karibu kila mtu aliyevisoma darasa la kwanza anakumbuka picha zake na hakuna anayekumbuka waliozichora. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kina idara za lugha. Kina watafiti wanaotafuta mada.

Wazee waliosomewa Mashimo ya Mfalme Sulemani walipokuwa wadogo sasa wamepita miaka themanini. Haraka yangu inatoka hapo, na wanaoiita mapenzi ya mambo ya kale wahesabu wenyewe.

Nami naleta changu mbele ya wasomaji wa Magharibi ya Kenya, kama watu wanavyoleta fahali wao uwanjani. Ni kitabu chembamba cha Kiswahili, tulikisoma darasa la tano. Mvulana anauza kuku wa shangazi yake ili anunue tikiti ya treni. Stesheni haitajwi jina. Ukurasa wa kulia, chini, pana mchoro wa mwanamume mwenye kofia ya reli na mkono mmoja, naye ananyoosha taa. Kuna mahali mvulana anaulizwa kama ana "stakabadhi", na darasa zima halikujua ni kitu gani. Chetu kiliishia pale treni inapopiga honi. Mwenye kurasa zilizofuata, au mwenye ile ya kwanza, ajitokeze.